Mwulize Fundi: Stata imenyamaza, na fundi anataka kukata swichi ya klachi

*Fundi, habari ya kazi. Nina pikapu ya gia za mkono, ya mwaka 2008, ambayo nabebea mayai. Naondoka Kayole saa kumi alfajiri kwenda kuchukua mzigo Ruai, halafu nasambaza kwenye maduka ya Umoja na Donholm. Tangu mwezi wa sita kuna asubuhi nazungusha ufunguo na gari linanyamaza kabisa. Taa za dashibodi zinawaka, redio inaongea, lakini stata haitoi hata mlio mmoja. Nikirudia mara tano sita, au nikikanyaga klachi kwa nguvu zangu zote, wakati mwingine linawaka. Vijana wa hapa mtaani wakilisukuma linawaka papo hapo. Nilinunua betri mpya kwa shilingi 9,500, haikusaidia. Fundi mmoja akanibadilishia stata, nikapumua siku mbili, shida ikarudi. Sasa fundi mwingine ananiambia kosa liko kwenye swichi ya klachi, tuikate tuweke dairekti, yaani nyaya zake ziunganishwe moja kwa moja, kazi ya dakika tano kwa shilingi 300. Nikubali? – Mama wa mayai, Kayole*

Mama, usikubali. Huyo fundi wa pili ameonyesha kidole mahali panapofaa, ila dawa anayotaka kukupa siwezi kukuruhusu uinywe, na sababu nitakupa hapo chini.

Kwanza pole kwa pesa ya betri na stata. Barua yako ilishataja ugonjwa wenyewe, na mtu angekusikiliza mpaka mwisho asingekutuma dukani. Umesema gari linanyamaza kabisa huku taa zikiwaka, na umesema likisukumwa linawaka. Maneno hayo mawili yanatosha kuiacha betri ikae mahali pake.

Gari linalokataa kuwaka lina sauti zake. Ukisikia tik-tik-tik za harakaharaka na taa zinafifia, betri imeishiwa, au vichwa vyake vimelegea au vimeota ule unga mweupe. Ukisikia tak! moja nzito halafu basi, umeme umefika kwenye stata lakini stata yenyewe imekwama, au nyaya nene zimeliwa na kutu. Lakini kukiwa kimya, na taa kubwa zinang'aa vilevile unapozungusha ufunguo, basi amri ya kuwasha imepotea njiani kabla haijafika kwenye stata. Gari likisukumwa halihitaji stata wala swichi ya klachi, magurudumu ndiyo yanayogeuza injini. Likiwaka hapo, mafuta yapo na plagi zinachoma vizuri. Ni vile baridi ya Julai ikishaingia Nairobi, kila gari lisilowaka alfajiri linahukumiwa kwa kosa la betri.

Sasa njia yenyewe. Unapozungusha ufunguo, umeme mdogo hutoka kwenye swichi ya ufunguo, hupita kwenye fyuzi, huja mpaka kwenye swichi ya klachi, kisha huenda kwenye relei ya stata, yaani swichi ndogo inayofungwa na umeme wenyewe. Relei ikivuta, umeme hupelekwa kwenye waya mwembamba wa stata, ule unaoandikwa 50 kwenye michoro, na hapo ndipo stata inapoanza kugeuza injini. Swichi ya klachi ni daraja katikati ya safari hiyo. Pedali ikifika chini daraja linashuka, umeme unavuka. Pedali ikiwa juu, hakuna kuvuka.

Kwa hiyo kesho mchana, jua likiwa limetoka na huna haraka, egesha pikapu mahali tambarare, toa gia, vuta handibreki. Fungua mlango wa dereva, piga magoti nje, uingize kichwa chini ya usukani ukiwa na tochi ya simu. Kabla hujatazama juu, inua mkeka wa mpira ulio chini ya miguu na ukung'ute polepole kwenye gazeti. Naomba uangalie kwa makini kinachodondoka. Ukiona vipande vidogo vya plastiki vinavyovunjika kama biskuti iliyokaa nje, vya buluu, vyeupe au vya kahawia, umeshapata jibu.

Hivyo ni vipande vya kiraba cha pedali. Kwenye mkono wa pedali ya klachi kuna tundu, na ndani ya tundu hilo kiwandani huchomekwa kitufe laini cha plastiki au mpira, ukubwa wake kama sarafu ya shilingi tano. Kazi yake ni moja tu: pedali ikishuka, kitufe hicho ndicho kinachosukuma kijiti cha swichi. Jua la miaka yote hiyo likikikausha, kinapasuka na kuanguka, na hakuna anayesikia kikianguka. Kuanzia siku hiyo kijiti cha swichi hakisukumwi tena, kinaingia kwenye tundu tupu na kutokea upande wa pili. Sasa mbona ukikanyaga kwa nguvu linawaka? Kwa sababu mkono wa pedali iliyozeeka unacheza kidogo kushoto na kulia. Ukiukandamiza sana, ukingo wa tundu unakigusa kijiti, kinaingia nusu, na daraja linashuka. Kesho yake hakiguswi. Ndiyo maana hata stata mpya ilionekana kukuponya siku mbili.

Nina uhakika na hili kwa kiasi kikubwa, mama, ila sitaki uniamini kwa maneno. Gari lipimwe.

Ukiwa hapo chini, tafuta swichi yenyewe. Mara nyingi utaona mbili kwenye pedali ya klachi. Ya juu, ambayo pedali huiegemea ikiwa imeachwa, kwa magari mengi ni ya kuiarifu kompyuta ya injini. Ya chini, inayoguswa pedali ikigota, ndiyo ya stata. Kuna magari yaliyopangwa tofauti, yana swichi moja tu na iko juu, kwa hiyo usikate shauri kwa kutazama tu. Hakikisha tena gia iko huru. Mwombe mtu mzima akae kwenye kiti na azungushe ufunguo ukimwambia, na wewe ubonyeze kijiti cha swichi ya chini kwa kidole gumba mpaka mwisho. Stata ikizunguka, swichi ni nzima na waya ni nzima. Kilichokosekana ni kiraba tu.

Ukifika hapo, nenda Grogan, kwenye Barabara ya Kirinyaga, ukiwa na picha ya tundu na kipimo chake. Waambie unataka kiraba cha pedali cha gari lako, si swichi. Wakikosa cha gari lako, mara nyingi cha gari jingine chenye shingo ya unene uleule hukaa vizuri. Kinaingizwa kwa kidole na kusukumwa mpaka shingo iruke ndani ya tundu. Kama unahitaji gari usiku huohuo, bolti fupi yenye kichwa bapa, ikafungwa kwa nati upande wa pili, itakusogeza siku chache. Usiiache mwaka mzima, maana kichwa cha chuma kinakisugua kijiti cha plastiki mpaka nacho kinaisha. Na ukiwa hapo chini angalia pedali ya breki pia. Nayo ina kiraba kama hicho, na kikianguka taa za breki hubaki zimewaka usiku kucha na kuimaliza betri. Wapo waliobadilisha betri tatu kwa sababu hiyo.

Ukibonyeza kwa kidole na kimya kikaendelea, ndipo tunaishuku swichi. Chomoa plagi yake kwa kubana kile kilimi cha pembeni, usivute nyaya. Fundi aweke mita kwenye alama ya mlio na kugusisha miguu miwili ya swichi. Ikiwa imeachwa, mita inyamaze. Ikibonyezwa, ilie mara moja bila kukatika, na kwenye kipimo cha omu isome karibu na sifuri. Ikilia kwa kusitasita, au namba zikirukaruka unapotikisa kijiti, ndani kumeungua, ibadilishwe. Swichi mpya itafutwe kwa kubeba ile ya zamani mkononi, kulinganisha plagi na urefu wa kijiti. Wakati wa kuifunga, nati yake ya kukazia isikazwe kabla ya kurekebisha. Kijiti kinatakiwa kiwe kimeingia chote kabla kidogo pedali haijagota, lakini isiwe mapema mno hadi gari likubali kuwaka klachi ikiwa bado imeshika.

Swichi ikiwa nzima, mwambie fundi apime ile plagi ya swichi kwa taa ya kupimia, huku wewe umeshikilia ufunguo kwenye kuwasha. Taa ni bora kuliko mita hapa, kwa sababu mita huonyesha volti 12 hata kwenye waya uliobaki uzi mmoja, lakini taa itafifia na kukuambia ukweli. Taa ikiwaka kwenye waya mmoja, fyuzi na swichi ya ufunguo zimepona, tunaenda kwenye relei. Isipowaka kwenye wowote, bado usilaumu ufunguo, kwani magari mengine yameweka swichi ya klachi upande wa hasi wa relei. Hapo taa inaunganishwa kinyume. Relei yenyewe hupimwa kwa kuibadilisha na ya honi, kama ni za aina moja, na mara nyingi huwa hivyo.

Halafu kuna jambo la hapa kwetu. Kama pikapu hiyo ilinunuliwa kwa mkopo na mkopeshaji akafunga kidude cha kulizima, au ina alamu, au mwenye gari wa kwanza alifunga swichi ya siri ya kuzuia wezi, basi kuna mtu aliyekata waya wa stata mahali fulani chini ya dashibodi na kupitisha umeme kwenye kidude chake. Viungo hivyo husokotwa kwa mkono na kuzungushiwa utepe mweusi. Utepe ukipata joto unaachia, waya unalegea, na gari linaanza kunyamaza siku moja moja kama lako. Nimekuta kiungo cha namna hiyo mara nyingi kuliko relei iliyoungua.

Sasa kuhusu dairekti.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa kujifunza kazi, kwenye gereji moja Industrial Area. Mteja alileta gari la kusambaza mikate, swichi ya klachi imekufa, na alikuwa na haraka. Nilichomoa plagi, nikakata nyaya mbili, mwekundu na mweusi wenye mstari mweupe, nikazisokota pamoja na kuzifunga utepe. Gari likawaka. Nilipongezwa kwa kuwa mwepesi. Baada ya wiki hivi mteja alirudi, mkanda wa injini unalia. Aliegesha mbele ya meza yetu ya kazi na, kwa kuwa handibreki yake ilikuwa dhaifu, akaliacha kwenye gia ya kwanza kama alivyozoea. Tukataka kuusikia huo mkanda. Yeye alikuwa nje, hakuona haja ya kuingia ndani. Akapitisha mkono dirishani na kuzungusha ufunguo. Stata ikaligeuza gari lote, injini ikashika, likaruka mbele. Mwenzangu, aliyeanza kazi mwezi mmoja nami, alikuwa amesimama kati ya bampa na meza. Mfupa wa muundi ulivunjika mahali pawili. Nilikwenda wodini kila Jumapili, na kila Jumapili nilikuwa naziona zile nyaya mbili nilizozisokota.

Tangu wakati huo sijaikata swichi ya klachi ya mtu yeyote, na vijana wanaofundishwa nami hawaruhusiwi. Wewe unawasha gari gizani saa kumi, mama. Mtaani kwenu wapita njia wanapita kando ya bampa kwenda kupanda matatu, na pengine nawe unaegesha ukiwa umeingiza gia. Shilingi 300 hiyo ni ghali.

Kabla hujapata nafasi ya kufanya haya, kesho alfajiri toa ule mkeka wa mpira kabisa, hasa kama umeweka wa pili juu ya wa kwanza, kwani mkeka mnene peke yake unaweza kuizuia pedali isifike chini. Sogeza kiti mbele. Na kama itabidi lisukumwe, lisukumwe hapo nyumbani likiwa tupu. Ruai usilizime mpaka trei zote ziwe zimepakiwa.

*Fundi, shikamoo. Mimi na kaka yangu tunatumia gari moja, la gia za mkono, lile la kubonyeza kitufe badala ya kuzungusha ufunguo. Akikaa yeye linawaka mara moja. Nikikaa mimi, dashibodi inawaka lakini injini haigeuki, mpaka nirudie. Yeye anasema sijui kuendesha. Je, ufunguo wangu wa akiba ndio mbovu? – Binti wa Rongai*

Marahaba, binti yangu. Ufunguo wako ni mzima. Ungekuwa mbovu gari lisingekutambua, na dashibodi isingewaka.

Niambie, kaka yako ni mrefu kuliko wewe? Kama ndiye anayekaa kabla yako, kiti kimerudi nyuma, na wewe unaikanyaga klachi kwa ncha ya vidole. Pedali inashuka robo tatu, gia zinaingia vizuri, kwa hiyo unaamini umemaliza. Lakini swichi iko mwisho kabisa wa safari, ile sehemu ya mwisho ambayo mguu wako hauifikii. Gari likiona klachi haijakanyagwa yote, ukibonyeza kitufe linakupa umeme wa dashibodi na redio tu, bila stata.

Kwenye magari mengi ya aina hiyo kitufe kina kitaa kidogo kinachogeuka kijani klachi ikifika chini, au alama ya ufunguo ya kijani inatokea kwenye dashibodi. Angalia lako. Kabla ya kubonyeza, sogeza kiti mpaka uweze kuikanyaga klachi mpaka igote huku goti lako likiwa bado limekunjika kidogo, kisha subiri kijani. Viatu vyenye soli nene sana vinakupunguzia hisia ya mwisho wa pedali, navyo viangalie. Ukikanyaga mpaka igote na kijani kikawa kinakuja na kutoweka, basi hata kaka yako anakaribia kukwama, na swichi irekebishwe au kiraba chake kitazamwe, kama nilivyomweleza mama wa Kayole. Kujua kuendesha hakuhusiki hapa, na unaweza kumsomea.

*Nimenunua pikapu mkononi mwa mtu, ya 2005, kutoka Japani. Rafiki yangu ameshangaa kwamba inawaka bila kukanyaga klachi. Mimi nimeona ni afadhali, ila nimeingiwa na wasiwasi. – Mwenye pikapu, Kahawa West*

Wasiwasi wako ni wa haki. Japani ililazimisha magari ya gia za mkono yasiwake bila klachi kuanzia Julai 1999, kwa hiyo ya 2005 ilitoka kiwandani ikiwa na swichi. Kuna magari ya porini, yenye gia za magurudumu manne, ambayo yamewekewa kitufe cha kuizima swichi hiyo kwa muda, ili ukikwama kwenye mteremko au kwenye mawe uweze kulisogeza gari kwa stata peke yake. Kama pikapu yako ni ya namna hiyo, tafuta kitufe hicho kwenye dashibodi. Huenda kimeachwa kimebonyezwa.

Kama hakuna kitufe, mtu ameiweka dairekti. Tazama chini ya usukani, ufuate mkono wa pedali mpaka kwenye swichi. Utakuta plagi imechomolewa na kipande cha waya kimeingizwa kwenye matundu yake mawili, au plagi haipo kabisa na nyaya zimesokotwa. Usizitenganishe mwenyewe, utabaki na gari lisilowaka. Mpelekee fundi wa umeme wa magari, apime kwa nini ilifanywa hivyo, kwa sababu chini ya nyaya hizo kuna swichi iliyokufa au kiraba kilichoanguka, arudishe plagi mahali pake. Mpaka siku hiyo, kila unapoingia garini shika kwanza rungu la gia, litikise kushoto na kulia mpaka uhakikishe limelegea, kanyaga breki, ndipo uguse ufunguo. Na asiruhusiwe mtoto kukaa kwenye kiti hicho akiwa na ufunguo.